Natembea Mwanza na kamera, nianzie mtaa upi?

Swali: Nimehamia Mwanza kikazi kutoka Dodoma, napanga Nyakato. Nina kamera ya zamani aliyoniachia kaka yangu, yenye lenzi moja fupi ya milimita 35, na muda wangu ni Jumamosi na Jumapili. Nataka kuujua mji huu kwa miguu, mtaa hadi mtaa, huku nikipiga picha. Wiki iliyopita nilikwenda Mwaloni Kirumba. Sijapiga hata picha tano, mzee mmoja wa dagaa akaniuliza, "Wewe binti, umetumwa na nani?" Nikaona aibu, nikaondoka. Nianzie wapi, nitembeeje, saa ngapi? Na je, ninunue lenzi ndefu ili nipige kwa mbali bila kusumbua watu?

Jibu: Dada, mzee wa dagaa alikuuliza swali la haki kabisa. Hukutumwa na mtu, sawa, lakini pale Mwaloni hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kukutazama usoni.

Mwaloni ni soko la fedha nzito. Magunia ya dagaa yanapakiwa pale kwenda mikoani na nchi jirani, na kila mwenye mzigo ana mtu anayemwogopa: afisa uvuvi, mtu wa ushuru, mtu wa kodi. Mwaka 2018 ilipopita Operesheni Sangara ya kupambana na uvuvi haramu, nyavu zilichomwa na samaki wachanga wakakamatwa kanda yote ya ziwa, na watu waliopoteza mitaji yao hawajasahau. Kabla ya hapo, mwaka 2004, ilitoka filamu ya wageni iliyopigwa hapa hapa Mwanza kuhusu biashara ya sangara. Iliudhi watu wengi kwa jinsi ilivyoonyesha mapanki (mabaki ya samaki aliyeondolewa minofu) na ufukara, hadi mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani. Sasa mtu asiyejulikana akielekeza kamera kwenye gunia la mwenzake, ataonekana ama mkaguzi ama mtu wa kuuza picha nje, na wote wawili wameshaleta hasara. Mwaloni ni pa kumalizia. Wewe ulianzia huko, ndiyo maana kukawa kugumu.

Ushauri wangu ni mmoja, yanayofuata ni maelezo yake tu: chagua kipande kidogo cha mji, kitembee mpaka wakuzoee, ndipo uhamie kingine. Wengi wanaokuja hapa na kamera hufanya kinyume, wanakimbilia vivutio. Asubuhi wako Capri Point, mchana Saanane, jioni Jiwe la Bismarck, kesho yake Bujora. Wanarudi nyumbani na picha ambazo zilishachapwa kwenye kalenda miaka mingi. Jiwe la Bismarck lilikuwepo kabla ya Bismarck mwenyewe, yule chansela wa Ujerumani, litakusubiri.

Kipande cha kwanza ningekupa mjini kati: mitaa ya Rwagasore, Lumumba, Uhuru na Temple, pamoja na Makoroboi. Pale mtu mwenye kamera si kioja. Kuna wapiga picha za pasipoti, kuna wageni wanaopita, na kila mtu yuko mbiombio na shughuli zake. Mitaa imenyooka, kona ziko wazi, na kuna vibaraza vya kukukinga na jua. Ukipotea, hukosi daladala ya kukurudisha Nyakato.

Safari ya kwanza kamera ikae ndani ya begi. Najua inaudhi, lakini fanya hivyo. Tembea mtaa mzima upande mmoja, rudi kwa upande wa pili. Angalia nani anafungua duka saa ngapi, fundi cherehani gani anakaa barazani, kahawa inauzwa kona ipi, jua linapiga ukuta upi na kivuli kinakaa wapi. Nunua kitu kidogo, chungwa au vocha, usalimie. Inua pia macho juu ya mabango ya simu na rangi mpya za madukani, kwenye ghorofa ya juu: dirisha la zamani la mbao, roshani yenye nondo zilizopindwa maua, na mara nyingine mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwenye paji la jengo. Wengi hupita chini yake kila siku bila kuuona. Ukiona mwaka, huo piga hata siku ya kwanza. Ukuta haugombi.

Vibao vya mitaa navyo usivipite. Lumumba na Rwagasore, viongozi waliodai uhuru, mmoja wa Kongo na mwingine wa Burundi, wote waliuawa mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na leo wamebaki kuwa majina ya mahali pa kununulia viatu na vipuri. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, hata vichochoro vingi vimepata kibao, na nyumba zimewekewa namba. Kwa mpiga picha hii ni zawadi. Kila unapoingia mtaa mpya, picha ya kwanza iwe ya kibao chake. Ukifika nyumbani na picha mia mbili zinazofanana, vibao vitakuambia ipi ilitoka wapi. Hakikisha pia tarehe na saa ya kamera ni sahihi, maana kamera ya kurithi iliyokaa muda mrefu bila betri mara nyingi hupoteza tarehe yake.

Usiseme tarehe haina maana. Mwisho wa mwaka 2021 wamachinga walihamishwa kutoka katikati ya miji nchi nzima, Mwanza ikiwemo. Aliyepiga Makoroboi miezi michache kabla ya hapo, vitambaa na ndoo zimejaa hadi katikati ya barabara, ana kitu ambacho hakipigiki tena. Wakati anapiga aliona ni siku ya kawaida tu.

Safari ya pili kamera itoke. Hapa kuna mbinu moja inayofaa kuliko zote: shika kona. Usimfukuze mtu mwenye picha nzuri. Chagua ukuta wenye mwanga mzuri, simama kando, panga picha yako ikiwa tupu, kisha subiri watu waingie wenyewe. Ukisimama mahali pamoja kwa robo saa, watu wanakuona, wanakuzoea, na anayekuja anaamua kama atapita mbele yako au nyuma yako. Amepewa nafasi ya kukataa bila maneno. Anayemvizia mama wa watu kutoka nyuma ya daladala hampi nafasi hiyo, na picha huonyesha: mabega yamekaza, uso umegeuka nusu.

Kuhusu saa nitakaa kidogo, kwa sababu Mwanza ina jambo lake. Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi huku tuko karibu na nyuzi 33. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Maana yake jua la Mwanza linachelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa kama dakika 48. Linafika juu kabisa ya kichwa karibu saa 7 kasorobo, si saa 6. Linachomoza kati ya karibu saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi, na linazama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1 na dakika chache. Ushauri mwingi wa Kiswahili kuhusu mwanga umeandikwa na watu wa Dar es Salaam, ambao jua linawatangulia kwa karibu dakika 25. Wakikuambia saa 3 mwanga umeshakufa, wewe ongeza. Huku mwanga wa pembeni unakubeba hadi saa 3 na nusu ukiwa na mawingu kidogo, na jioni una nafasi kuanzia saa 11 hadi giza linaingia.

Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita juu ya Mwanza moja kwa moja. Mchana wa siku hizo nguzo ya umeme haina kivuli cha maana, na macho ya watu yanageuka mashimo meusi chini ya paji. Siku hizo, na mchana mwingine wowote mkali, ingia chini ya kitu: kibaraza, turubai ya mama lishe, banda la fundi. Mwanga unapiga ardhi nje, unaruka, unamwingilia mtu kutoka chini na pembeni. Ngozi zetu zinaupenda sana mwanga huo. Ila mfundishe kamera yako: ukiiachia iamue yenyewe wakati nyuma kuna bati linalong'aa, itaogopa weupe wa bati na kumfanya mtu awe kivuli. Pimia mwanga usoni, bati liungue kuwa jeupe tupu kama linataka kuungua.

Mji uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo ziwa liko magharibi yako. Asubuhi jua linatokea nyuma ya vilima, linamulika mitumbwi na mawe ya majini kutoka upande wako, rangi zote zinaonekana. Jioni kila kilicho majini kinageuka umbo jeusi mbele ya anga ya machungwa. Hiyo ya jioni ndiyo kila mtu anaipiga. Mimi napenda ya asubuhi, ziwa likiwa limetulia kabla upepo wa mchana haujaanza. Na ukiwa na bahati ya usiku usio na mwezi, simama mahali palipoinuka uangalie ziwani: wavuvi wa dagaa huwasha taa zao gizani, na mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Taa hizo zinahitaji kamera iegemezwe juu ya kitu kigumu na sekunde kadhaa za kufungua. Usiende peke yako.

Ukishaona kuwa muuza kahawa wa mjini kati anakuuliza, "Leo umechelewa?", kipande hicho kimekubali. Hamia kipande cha pili: ufuate Mto Mirongo. Unashuka na mto kutoka upande wa Mabatini hadi mjini, na ndani ya mwendo huo mfupi unaona mji ukibadilika sura, kutoka nyumba za mlimani hadi gereji, mitumba na maduka ya jumla. Mto si mzuri wa kutazama. Una taka, una harufu, na mvua kubwa ikinyesha unajaa. Mimi nauhesabu kuwa ndio uti wa mgongo wa mji huu, na ni wachache wanaoupiga picha. Piga madaraja madogo na watu wanaovuka, piga nyuma za nyumba, lakini anayefua au kuoga usimwelekezee kamera.

Kisha mlimani. Isamilo, Mabatini, Igogo, popote miamba inapopanda na nyumba zikapanda nayo. Mawe hayo ya itale yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni mawe ya kale sana, na juu yake mtu ameanika ulezi. Usiridhike na picha ya mbali ya mlima wenye mabati. Nenda karibu na mwamba mmoja, chukua muda. Utakuta upande wa juu, panapopata jua mapema, shuka mbili zimetandazwa na kukandamizwa na mawe madogo zisipeperuke. Chini yake, upande usio na upepo, jiko la mkaa na sufuria. Ukutani mwa nyumba iliyoegemezwa kwenye mwamba huo kuna namba ya anwani, na kati ya ukuta na jiwe upenyo wa kiganja ambamo wamechomeka ufagio na mwavuli. Mvua ikishanyesha, jiwe linageuka karibu jeusi na mistari ya maji inaonekana ilipopita kila mwaka. Mwamba mmoja wa namna hiyo unatosha asubuhi nzima.

Mlimani ndiko unakohitaji adabu zaidi kuliko vifaa. Kichochoro cha mjini kati ni cha umma. Kichochoro cha mlimani mara nyingi ni uani kwa mtu, unapita kati ya mlango wake na jiko lake. Anza kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji: jina, unakokaa, kwamba unapiga picha kwa mapenzi yako na huziuzi. Muombe akuelekeze kwa balozi au kijana wa pale wa kukusindikiza. Wengi watakuambia "karibu tu", lakini siku mtu akiuliza, kuna jibu. Wazee uwape shikamoo yao kabla ya lolote. Asubuhi, "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, itakufungulia milango ambayo "Habari" inaipigia hodi tu, na ukiaga na "Wabeja", yaani asante, watacheka kwa lafudhi yako ya Dodoma. Ukicheka nao hapo umeshakuwa mgeni wa mtaa.

Watoto watakuzunguka, hilo halikwepeki. Wapige kundi moja, waonyeshe kioo, watulie. Mtoto mmoja mmoja, usimpige bila mzazi wake kukubali, na mwenye sare ya shule usimweke mtandaoni hata kama mzazi amekubali, maana sare inasema anakopatikana kila siku. Kabla ya kuweka mtandaoni picha ya nyumba ya mtu, ondoa alama ya mahali iliyojificha ndani ya picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtu pamoja na anakoishi si mambo ya kuchezea.

Hela ya soda wataomba. Mimi silipi ili nipige, kwa sababu anayekuja nyuma yangu atakuta bei imeshapangwa, na aliyelipwa huanza kuigiza. Nanunua anachouza. Zaidi ya yote nasafisha picha. Ukipata picha nzuri ya fundi viatu, isafishe studio kwa ukubwa wa kadi, umpelekee wiki inayofuata. Mtu aliyezoea kupigwa picha na kutoiona tena akiishika mkononi, ataiita jirani, na jirani atauliza yake iko lini. Kuanzia hapo una kazi mtaani, na una jina: yule dada wa picha.

Kwa njia hiyo ndiyo Mwaloni itakufungukia. Ukitokea mjini pita Furahisha, upande daraja la waenda kwa miguu uangalie Barabara ya Makongoro kutoka juu, kisha shuka ukatembee mitaa ya Kirumba yenyewe kwa wikendi kadhaa kabla ya kugusa soko. Wachuuzi wa Mwaloni wengi wana ndugu na wateja Kirumba. Ukiingia sokoni, ingia kwanza ofisi ya soko, halafu keti kwa mama lishe ule, kamera ikiwa mezani inaonekana. Akikuuliza mzee umetumwa na nani, mwambie hujatumwa, unakaa Nyakato, na umtolee bahasha ya picha ulizosafisha za watu wa Kirumba. Huenda akatambua uso mmoja. Akikataa bado, basi amekataa, mpishe. Mikono, mizani na magunia ya anayekubali vipo.

Mambo ya kukwepa ni machache na hayana mjadala: polisi, jeshi, uwanja wa ndege, walinzi wa benki. Bandarini na stesheni uliza kwanza. Wagonjwa wa Hospitali ya Bugando usiwapige picha, hata ukiwa nje ya geti. Droni ni habari ya vibali, wewe huihitaji. Kamba ya kamera ivae kukatiza kifua, begi mbele kwenye msongamano, na Jumapili jioni mitaa ya mjini kati ikishafungwa maduka, rudi mapema.

Sasa lenzi. Usinunue ndefu. Unataka kupiga kwa mbali ili usisumbue, lakini anayegundua amepigwa kutoka ng'ambo ya barabara husumbuka zaidi kuliko aliyepigwa na mtu aliyemsalimia. Pia lenzi ndefu inaondoa mtaa: unabaki na uso mbele ya ukungu, ambao ungeweza kupigwa Dodoma au Tanga. Milimita 35 inakulazimisha usogee, na ukisogea lazima useme neno. Angalia tu kamera yako ina kihisi cha mwanga (sensa) kidogo au kikubwa; kikiwa kidogo, 35 yako inaona karibu kama 50, hapo piga hatua moja nyuma. Weka kasi ya shata isiyopungua 1/250 ya sekunde kwa wanaotembea na 1/500 kwa bodaboda, tundu la lenzi f/8 wakati wa mchana, na hisi ya mwanga (ISO) uiachie kamera yenyewe. Kama fedha ipo na inakuwasha, nunua betri ya pili, kwa kuwa ya zamani itakufia saa 11 jioni mwanga ukianza kunoga, na kadi ya pili ya kuhifadhia nakala. Inayobaki itagharamia kusafisha picha za watu, na hesabu hiyo ianze kuitenga mwezi huu, kabla hujaanza kuahidi.